Namba ya Baba Salma

Dodoma,
9 Agosti 1993

Mama Salma,

Habari za Kolo tangu tulipoagana pale zahanati? Shemeji Mustapha amesharudi kutoka kwenye mizinga yake, au bado nyuki wanamkalisha porini? Huku mimi nipo, ila vumbi la Majengo linanimaliza. Ofisi ya mradi imepangishwa nyumba nyuma ya soko, na kutwa nzima ni magunia ya mahindi yanapakuliwa mbele ya dirisha langu.

Nilifurahi sana ulipokubali kazi hii. Daktari Tumsifu, mkubwa wetu wa mradi, aliniuliza ni nani Kolo anaweza kupima presha bila kusimamiwa, nikamjibu palepale kwamba yupo Kuluthumu Ibrahimu. Wewe na mimi tulisoma kozi ya wahudumu wa afya Kondoa mwaka sabini na moja, tukipimana wenyewe kwa wenyewe mpaka mikono inakufa ganzi. Miaka ishirini na miwili hiyo. Wewe umebaki kwenye zahanati yako, mimi nimepita wodi zote mpaka serikali ilipotupunguza kazini mwaka jana. Bila mradi huu ningekuwa nakaanga vitumbua barabarani.

Kazi yenyewe unaijua. Watu mia moja na ishirini, wenye miaka arobaini hadi sitini. Kila baada ya miezi mitatu unampima kila mmoja akiwa amekaa na kupumzika, unaandika namba ya juu na ya chini. Kwenye daftari hakuna majina, kila mtu ana namba yake. Likijaa mpe kondakta wa basi aniletee. Waliotoa fedha za utafiti wanataka kujua kwa nini watu wa umri wetu, wenye nguvu zao, wanaanguka ghafla vijijini na hawainuki tena.

Kuna sheria moja usiisahau. Mtu akifika mia mbili juu, au mia na ishirini chini, anatolewa kwenye utafiti. Uniandikie siku hiyohiyo. Gari litakuja kumpeleka hospitali, na namba yake itafutwa.

Novemba nitakuja kukagua.

Ni mimi,
Yasinta Matonya


Kolo,
2 Septemba 1993

Mama Frida,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu cha mtu, lakini imesomeka. Sisi wazima, labda wewe na vumbi lako.

Kazi nimeianza. Wanaume walikuwa wagumu mwanzoni. Athuman, yule fundi seremala mwenye duka karibu na msikiti, alikataa kukunja shati akidhani mashine inanyonya damu. Nilipomweleza kwamba inabana tu na kuachia, akakaa, na sasa anakuja hata siku ambayo si yake. Wanawake hawakunipa taabu. Mmoja aliniambia kwamba tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumwambia akae apumzike dakika tano bila kufanya lolote.

Mzee mmoja wa kwenye orodha amehamia Babati, na nafasi yake nimemwandika Baba Salma. Ndiye namba kumi na saba. Ana miaka hamsini na miwili, anastahili kama wengine. Bado sijampima, anavuna asali.

Nina maswali mawili. La kwanza, nikishampima mtu nikaona presha ipo juu, nimwambieje? Boksi la dawa tunaloletewa kila mwezi lina za malaria, za minyoo na za maumivu. Kidonge cha presha sijawahi kukiona humo hata kimoja. Watu wananiuliza dawa zinakuja lini. Wanasema mtu haji na mashine kutoka Dodoma kwa ajili ya kuwaangalia tu.

La pili, wale watakaofutwa, dawa zikija nao watapewa?

Ni mimi mwenzako,
Kuluthumu


Dodoma,
20 Septemba 1993

Mama Salma,

Nakujibu kwa haraka, gari linaondoka kwenda Chemba.

Dawa zipo kwenye mpango. Chemba wameanza kwanza, ndiyo sababu tunakwenda huko. Kolo zamu yenu itafika. Waambie watu wawe na subira, na kwa sasa wapunguze chumvi na tumbaku.

Kuhusu wanaofutwa, kanuni ya mradi ni kwamba dawa ni za waliomo kwenye daftari tu. Aliyefutwa anakuwa mgonjwa wa hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Msalimie shemeji.

Yasinta


Kolo,
28 Novemba 1993

Mama Frida,

Nakutumia daftari la mzunguko wa kwanza. Watu mia na kumi na sita nimewapima, wanne walikuwa safarini. Wote niliwapima asubuhi kabla ya jua kuwa kali, wamekaa, mkono juu ya meza, kama tulivyofundishwa. Hakuna aliyefika mia mbili.

Wenye presha ya juu ni wengi kuliko nilivyodhani. Nimehesabu arobaini na mmoja. Athuman ana mia na themanini na nane, naye anapiga randa kutwa nzima akiimba.

Namba kumi na saba ana mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Nilimpima mwenyewe, mara mbili, kama kanuni inavyosema.

Mfanyabiashara mmoja wa karanga ametuambia kwamba Chemba watu wanapewa vidonge vyeupe kila mwezi, wanatia saini. Tumefurahi kusikia, maana tumejua si hadithi. Sasa niambie, baada ya Chemba ni sisi? Mwezi gani? Nisaidie nipate hata mwezi, nisiwe naonekana mwongo mbele ya watu. Baba Salma anaumwa kichwa siku hizi. Yeye anasema ni jua.

Ulisema ungekuja kukagua Novemba. Nimekuwekea chupa ya asali.

Kuluthumu


Dodoma,
6 Januari 1994

Mama Salma,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kutofika. Gari liliharibika springi, na lilipotengenezwa mvua zikakata barabara. Ilikuwa nichague watu kumi na wawili kwenye daftari lako niwapime upya, kuhakiki. Nimetia saini bila kuhakiki. Wewe si mtu wa kuhakikiwa. Daktari Tumsifu aliliangalia daftari akasema laiti vituo vyote vingekuwa na mwandiko kama huo.

Kuhusu dawa, siwezi kukupa mwezi. Labda baada ya Ramadhani. Endelea kupima.

Asali niwekee, nitakuja.

Yasinta


Kolo,
8 Machi 1994

Shemeji Yasinta,

Salamu sana. Ni mimi Mustapha, mume wa Kuluthumu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na mwandiko ni wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo univumilie. Tuko kwenye kumi la mwisho la mfungo, tunamshukuru Mungu. Mwenzangu hajui kwamba nimekuandikia, nami naomba asijue.

Shemeji, jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba aliponipima, Kulu amebadilika. Siku ile alinibana mkono mara tatu, si mara mbili. Akaandika kitu, akafunga daftari, akaenda nje akakaa kule muda mrefu. Tangu hapo chumvi ameificha, chakula kinaliwa kama cha mgonjwa. Amenikataza kupanda miti kwenye mizinga. Nikila ananitazama, nikikohoa anageuka. Nikimuuliza namba yangu ni ngapi, ananijibu kwamba iko Dodoma.

Na mimi mwenyewe sijisikii sawa. Kichwa kinagonga kisogoni kila nikiamka. Juzi nikiwa shambani jicho la kushoto lilitia giza, likarudi. Hilo sijamwambia, kwa sababu hataniacha nitoke hata mlangoni.

Wewe namba yangu unayo. Naomba uniambie. Mimi ni mtu mzima, nikiambiwa jambo silii. Kama ni mbaya, nitauza mbuzi wawili niende hospitali Kondoa kabla mavuno hayajaanza, kwa sababu nikishaanza kuvuna sitaondoka. Kama si mbaya niambie pia, nimtulize mke wangu na mimi mwenyewe nitulie.

Nisamehe kwa usumbufu.

Mustapha Hamisi


Dodoma,
17 Machi 1994

Shemeji Mustapha,

Idd Mubarak, wewe na nyumba yako. Mwandiko wako nimeusoma bila taabu, mzuri kuliko wa madaktari.

Kanuni hainiruhusu kumwandikia mtu namba yake, lakini wewe ni shemeji yangu na umeuliza kama mtu mzima. Nimefungua daftari. Novemba ulikuwa na mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Mwezi uliopita, mia na hamsini kwa tisini na nne. Iko juu kidogo tu. Watu wengi wa rika letu wako hapo hapo, hata mimi. Haifiki popote karibu na zile zinazotutia hofu.

Kichwa ni mfungo na jua. Jicho nalo, katika umri huu macho yanaanza kuchoka, mimi mwenyewe sindano siitungi uzi. Kulu anakuogopea kwa sababu kila siku anaona namba za watu wengine. Ndivyo tulivyo sisi tuliosoma kozi hizi, tunaona ugonjwa hata kwenye usingizi wa mtu.

Usiuze mbuzi. Vuna kwa amani, punguza chumvi, na usimwambie Kulu kwamba nimevunja kanuni.

Shemeji yako,
Yasinta


Kolo,
25 Mei 1994

Yasinta,

Baba Salma ameanguka.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, tunavuna ulezi. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Nikaona kisu kimemtoka mkononi, akainama kukiokota, mkono hauendi. Akanigeukia aseme kitu, mdomo ukawa umekwenda upande. Nilimdaka kabla hajafika chini. Majirani walimbeba kitandani mpaka barabarani, tukakaa pale hadi alasiri likapita lori la alizeti likatuchukua Kondoa.

Siku nne hospitali. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa wote. Daktari wa pale ni kijana, alikuwa mpole, alimpima mbele yangu akaniuliza kama mgonjwa hajawahi kupimwa presha maishani. Nikainama kumrekebishia mgonjwa shuka. Walimpa dawa walizokuwa nazo, wakaniandikia karatasi ya nyingine. Duka la dawa la kwanza halikuwa nazo, la pili walikuwa na aina moja kati ya tatu. Jana tumerudi nyumbani, kwa sababu walisema lililobaki ni kumlisha na kumgeuza.

Neno analoweza kusema ni moja, bado. Nikimuuliza kama ana njaa anasema bado. Nikimuuliza kama anaumwa, bado. Salma amekuja kutoka kwa mumewe kunisaidia, na akimwita baba anamjibu hivyohivyo, kisha anatoa machozi kwa jicho moja.

Yasinta, zamu ya Kolo ilikuwa ifike baada ya Ramadhani. Ramadhani imepita. Siulizi tena kwa ajili ya watu mia na ishirini. Nauliza kwa ajili ya mmoja. Yumo kwenye daftari, hajafutwa. Nitumie dawa zake, kwa basi la kesho au la kesho kutwa.

Kuluthumu


Dodoma,
4 Juni 1994

Kulu,

Nimempa Kefa, kondakta wa basi la asubuhi, pakiti mbili za vidonge. Moja unampa asubuhi, moja asubuhi na jioni, nimeandika juu ya kila pakiti. Nimezinunua dukani hapa mjini. Hazikutoka kwenye mradi, na lazima nikuambie kwa nini.

Kolo haiko kwenye foleni ya dawa. Haijawahi kuwepo. Utafiti umewekwa hivi: Chemba wanapimwa na kupewa dawa, Kolo wanapimwa tu. Mwisho wa utafiti watalinganisha walioanguka huku na walioanguka kule, ndipo waseme kama dawa hizi zinafaa kupelekwa vijijini. Kolo ni kijiji cha kulinganishia.

Nilijua tangu siku ya kwanza nilipokuja kwenye zahanati yako. Tulielekezwa tusiseme, kwa sababu watu wakijua wataacha kupimwa, au watahamia Chemba kwa ndugu zao. Uliponiuliza lile swali Septemba, nilikaa na kalamu nusu saa. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, baada ya mwaka mzima nyumbani. Nikaandika kwamba zamu yenu itafika. Baada ya hapo kila barua ilibidi ilinde ile ya kwanza.

Nilijipa moyo kwamba nyumba yako iko salama, kwa sababu namba ya shemeji ilikuwa ndogo. Sielewi ilikuwaje. Daktari Tumsifu naye haelewi, anasema mtu wa mia na hamsini haanguki hivyo.

Mpe dawa leo hiihii. Nitakuja mara nikipata ruhusa.

Yasinta


Kolo,
21 Juni 1994

Yasinta,

Vidonge vyako vilifika Ijumaa. Baba Salma tulimzika Jumanne yake.

Aliondoka asubuhi, Salma akimnywesha uji. Hakuhangaika. Nimekaa eda sasa, sitoki, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia yote.

Daktari wako haelewi ilikuwaje. Mimi naelewa. Novemba nilimpima Baba Salma mara tatu, kwa sababu ya kwanza sikuiamini. Ilikuwa mia mbili na kumi na nne kwa mia na ishirini na nane. Ya pili vilevile. Ya tatu ilipanda zaidi. Nikashika kalamu. Sheria nilikuwa naijua, nikuandikie siku hiyohiyo, gari lije. Lakini nilikuwa na barua yako ya Septemba ndani ya daftari, nikaisoma tena palepale: dawa ni za waliomo kwenye daftari tu.

Nikajiuliza, nikiandika kweli, wanamfuta. Hospitali nazijua, nimepeleka wagonjwa wengi. Atapewa vidonge vya wiki moja na karatasi ya kwenda kununua, na dawa ya presha mtu anameza mpaka anakufa. Nikiandika uongo, anabaki. Dawa zikifika Kolo atameza kila mwezi na kutia saini kama watu wa Chemba. Ilikuwa nimlinde miezi michache tu mpaka zamu yetu ifike. Nikaandika mia na hamsini na mbili. Februari nikaandika mia na hamsini. Nilimtunza nikisubiri dawa zako, Yasinta.

Wewe ulinificha ukweli ulinde kazi yako, mimi nikauficha nimlinde mume wangu. Sikuandikii haya kwa kukulaumu peke yako. Mkono ulioandika ni wangu.

Lakini kuna jingine. Tulipokuwa tunagawa nguo zake, Salma alitoa barua kwenye mfuko wa koti lake la kwendea msikitini. Ni yako ya Machi. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kukatika. Nimeisoma, kila neno. Sasa ndiyo nafahamu kwa nini baada ya Idd alirudi kupanda mizinga, akaniambia nicheke kidogo. Mbuzi wale wawili hakuwauza. Tuliwachinja siku ya hitma.

Nijibu swali moja, na safari hii usinifiche. Ningeandika namba yake kama ilivyokuwa, angekuwa hai?

Kuluthumu


Dodoma,
8 Julai 1994

Kulu,

Pole haitoshi na sitaiandika.

Umenikataza kukuficha. Mwezi wa tatu Chemba alipatikana mtu mwenye mia mbili na ishirini. Gari lilimfuata kesho yake. Baada ya hospitali, Daktari Tumsifu akasema hawezi kumwacha, akawa anamtolea dawa kwenye stoo ya mradi kila mwezi, ingawa namba yake ilishafutwa. Hilo halikuandikwa popote, ni moyo wake tu. Nilijua, na sikukuambia, kwa sababu kukuambia kungefungua habari yote ya Chemba na Kolo. Mtu huyo bado anaishi. Wiki iliyopita nilimwona hapa sokoni ameleta karanga.

Siwezi kusema shemeji angekuwa hai. Naweza kusema kwamba gari lingekuja.

Tena mimi nilipaswa kufika Novemba kuhakiki. Ningempima mwenyewe. Nilitia saini.

Barua yako nimempelekea Daktari Tumsifu. Niliona lazima ile namba irekebishwe, ionekane kwamba mtu huyu alikuwa na presha kubwa na sisi hatukumwona. Aliisoma amesimama, kisha akakaa. Akaniambia nakala ya daftari imeshakwenda ng'ambo, na wakijua kwamba namba moja imebuniwa watatupa zote mia na ishirini, na mradi na dawa za Chemba pamoja nazo. Halafu akasema, "Yasinta, iache ilivyo."

Nimeiacha.

Niruhusu nije nikae nawe hata siku mbili.

Yasinta


Kolo,
30 Julai 1994

Yasinta,

Usije. Wageni wanaokuja hapa kunipa pole wananiuliza Baba Salma aliumwa nini, nami nawajibu. Ukikaa pembeni yangu sitajua la kuwajibu.

Nitaendelea kupima hapahapa nyumbani, kwa sababu watu bado wanakuja. Naandika ninachokiona.

Kuluthumu


Dodoma,
16 Januari 1995

Mama Salma,

Nakuandikia kikazi. Mradi umefungwa tangu mwisho wa Desemba. Tunatakiwa kukusanya vifaa vyote. Tafadhali mpe Kefa mashine ya presha na daftari lililobaki.

Matokeo yametoka, na ni haki yako kuyajua. Walioanguka kwa kiharusi Chemba ni mmoja. Kolo ni sita. Daktari Tumsifu ameitwa ng'ambo kuyasoma mbele ya wataalamu. Wanasema kazi imefana, kwamba sasa imejulikana dawa hizi zinafaa vijijini.

Nilimuuliza ni lini basi zitapelekwa vijijini. Alikwishauliza yeye mwenyewe, huko juu, akajibiwa kwamba hakuna fungu, watu wachangie wenyewe. Chemba nao zimekwisha. Mwezi huu walifika kwenye zahanati yao kutia saini kama kawaida, wakakuta mlango umefungwa. Yule muuza karanga alikuja mpaka hapa ofisini kuniuliza. Nilikuwa nafunga makaratasi kwenye maboksi. Nilimpa vidonge vya siku kumi vilivyokuwa chini ya droo.

Namba kumi na saba ametajwa kwenye ripoti, mstari mmoja. Wameandika kwamba alikuwa na presha ya wastani na akapata kiharusi bila dalili za awali, na kwamba jambo hilo linahitaji utafiti zaidi.

Mimi natafuta kazi. Duka moja la dawa hapa Majengo linataka mtu wa kaunta.

Yasinta


Kolo,
12 Februari 1995

Mama Frida,

Barua yako niliipata tumeanza mfungo. Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, niliwaita watu wote wa daftari pale zahanati. Walikuja tisini na saba. Wengine walifikiri dawa zimefika, mama mmoja alikuja na kichupa cha kuwekea.

Niliwaambia yote. Nilisimama kwa sababu nikikaa nisingemaliza. Nikaanza na habari ya Chemba na sisi, kwamba dawa hazikuwa njiani siku yoyote. Nikawaambia walioanguka kwetu ni sita na kule ni mmoja. Wale sita kila mtu aliwajua kwa majina. Kisha nikawaambia la namba kumi na saba, kwamba presha yake ilikuwa mia mbili na kumi na nne, na kwamba mimi mkewe ndiye niliyeificha, na kwa nini. Salma alikuwa amekaa mbele, anamnyonyesha mtoto. Hilo hakuwahi kulisikia. Aliinuka, akatoka, hajaongea nami mpaka leo ninapoandika. Chakula cha kufuturu anakileta, anakiweka, anaondoka.

Nilitegemea nitatukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, pengine nililitaka. Hakuna aliyenitukana. Wakaanza kuulizana wenyewe kwa sauti ndogo, nani ana ngapi. Athuman ndiye aliyeinuka. Aliniuliza, "Na mimi yangu ya mwisho ni ngapi?"

Nikamwambia ni mia na tisini na sita.

Akauliza dawa yake iko wapi. Nikamjibu kwamba iko kwenye maduka ya Kondoa siku zinapokuwepo, na kwamba akiianza haachi tena. Akapiga hesabu kichwani, nikamwona midomo inacheza. Kisha akashukuru, akachukua kofia yake akaondoka, kwa sababu alikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia. Wengine nao wakaja mmoja mmoja, nikawasomea namba zao. Wengi walizirudia mara mbili tatu ili wasizisahau. Yule mama mwenye kichupa aliomba apimwe tena, labda imeshuka. Nilimpima. Haikushuka. Wakatawanyika kwenda kupalilia, mvua mwaka huu imeanza vizuri.

Zahanati nimeomba kuacha. Mwenyekiti hajapata mtu mwingine, kwa hiyo nagawa dawa za minyoo mpaka apatikane.

Mashine iko kwa Kefa, na daftari nimeliweka chini yake kwenye boksi. Usinitumie ripoti wala vidonge, na ukipata ile kazi ya dukani, watu wa Kolo wakifika kwenye kaunta yako wape wanachoomba na usiwaulize wanatoka wapi.

Kabla sijafunga boksi nilikaa, nikapumzika dakika tano, nikajipima. Nina miaka arobaini na saba, nami nilikuwa sijawahi kujipima tangu kozi. Namba yangu sitakuandikia.

Kuluthumu Ibrahimu